Ukienda Misheni ya Bagamoyo, anza na nyumba ya masista

Nimewatembeza wageni wengi katika Misheni ya Katoliki ya Bagamoyo, na wengi wao huulizia kwanza mnara wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiingereza-Skoti. Siwalaumu, kwa kuwa Februari 1874 watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliufikisha mwili wake hapa baada ya kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hata hivyo, maiti ile ilikuwa ikipita tu kuelekea Unguja na kwao Uingereza, ilhali misheni ilikuwa na watu wake walioishi hapa miaka nenda miaka rudi, na ni kwa hao ninakushauri uanzie ziara yako.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hii mwaka 1868. Watoto waliokombolewa kutoka utumwani, baadhi yao wakinunuliwa katika soko la Unguja, walilelewa hapa, wakafundishwa kusoma, useremala, uhunzi na kilimo, na walipofikia umri wa kuoa na kuolewa wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha jirani. Wasichana na wagonjwa walihudumiwa na masista, ambao nyumba yao ya mwaka 1876 sasa ndiyo makumbusho. Wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, mwaka 1888 na 1889, wakimbizi walimiminika katika uwanja huohuo kutafuta hifadhi.

Ndani ya makumbusho usipite haraka, wala usikubali kuambiwa kwamba hapa palikuwa na huruma tupu au unyonyaji mtupu. Waliokombolewa waliendelea kulima mashamba ya misheni na kuishi kwa kanuni za mapadre. Kwa maneno mengine, aliyewalea ndiye aliyewapangia kazi, na hata ndoa zao hazikuwa nje ya mkono wake. Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa historia ya mahali hapa, na mwongozaji anayeuruka amekupunja.

Nje utauona mbuyu uliopandwa 1868, na katika shina lake kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome kikabaki kuchungulia. Wageni hunyamaza wakidhani ulikuwa wa watumwa. Masimulizi ya misheni yenyewe yanasema Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, aliufunga hapo ili amfungie punda wake. Minyororo ya watumwa imehifadhiwa ndani, kwa hiyo usichanganye habari hizo mbili.

Ukileta wanafunzi, wape maswali kabla hawajaingia: watoto wale walilala wapi, walikula nini, na mavuno ya mashamba yalikuwa ya nani? Waache wawaulize wahudumu wa makumbusho wenyewe, nawe mwalimu usiwajibie.