Kabla hujachomeka alizeti pori iwe uzio, soma hii

Mleta uzi umeuliza kama alizeti pori inafaa kuwa uzio mbele ya nyumba, kwa vile inakua haraka na maua yake ya njano yanapendeza. Kukua haraka hujadanganywa hahaha, shida ikishakua haijui mpaka uko wapi.

Mi niko Kibosho, Moshi. 2016 niliomba vijiti kwa jamaa nikachomeka tu mstari kando ya njia, mwaka haujaisha uzio ushanipita kichwa, nyuki kibao, kila mgeni anapiga picha. Kosa langu niliacha maua yakaukie hukohuko juu. Likikauka linabaki kichwa kigumu kinachochoma vidole, kitikise uone mbegu zinavyomwagika. Masika kuingia, miche kila mahali: kwenye kokoto chini ya tenki, kwenye kahawa, mpaka kwa jirani. Mama wa watu akaniita getini, "Mwanangu, maua yako yamehamia kwenye maharage yangu, nikurudishie?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati huko. Hapa kwetu hakuna baridi kali ya kuua miche, mvua zenyewe mara mbili kwa mwaka, mbegu ikikosa masika inasubiri vuli. Na usione ni ua tu, hata magugu maji yanayosumbua Ziwa Victoria watu waliyasambaza duniani kwa kupenda maua yake bwawani.

Kufyeka na panga nilijaribu, kisiki kinachipua upya tena matawi mengi kuliko mwanzo. Kilichonisaidia ni kung'oa miche ikiwa midogo, ardhi ikiwa na unyevu, na ile mikubwa naikata kabla maua hayajafunguka halafu nachimbua shina. Majani usitupe, ni mbolea nzuri sana, Kenya magharibi wakulima wanayafukia shambani na mi nayaweka chini ya migomba. Ila mashina mabichi usiyalaze chini maana yanaotesha mizizi, yaning'inize juu ya waya yakauke kabisa.

Kama unataka rangi tu weka bogenvilia, miba inayo lakini kwangu sijawahi kuiona imejiotea. Ukiamua alizeti pori basi uwe na muda, mi miaka yote hii na jumamosi iliyopita nimeng'oa mingine tisa palepale chini ya tenki.