Mwache mama asuke ukili wake wa mikeka

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 72, aliyehamia kwako Unguja kutoka Pemba, akiuza mikeka atanyimwa pensheni jamii. Hatanyimwa. Pensheni hii ilianza Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni ya kila mzee Mzanzibari mkaazi aliyefikia miaka 70, awe aliajiriwa au alilima tu maisha yake yote. Haiulizi kipato. Hapo ndipo uzuri wake: mzee halazimiki kukaa bure ndio asaidiwe.

Cha kushughulikia ni kuhama kwake. Nenda naye kwa sheha wenu, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, mchukue kitambulisho chake, muulize jina lake la pensheni lihamishwe vipi kutoka Pemba. Aende mwenyewe, usimsemee.

Na tafadhali usimkataze kusuka. Nimeona wazee wakiletwa mjini kwa mapenzi, wakakalishwa kitandani, miezi michache tu magoti yamekaza na mazungumzo yamekwisha. Mtafutie ukindu, na wanawake wa mtaani wanaosuka jioni barazani akae nao. Fedha ya mikeka iwe yake, asiombwe hesabu.