Kabla hujagusa faili lolote, soma logi

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Muheza. Amehamisha tovuti ya shule kutoka seva ya zamani kwenda mpya, na tangu alasiri kila ukurasa unaleta kosa 500. Ameandika: "Kaka, nimeshahangaika na kila kitu. Ruhusa za mafaili nimeweka 777 zote, bado. Mwalimu mkuu anapiga simu kila baada ya nusu saa. Nisaidie."

Nilipofika kwenye hiyo 777, ruhusa inayomwachia kila mtu asome, aandike na aendeshe faili, niliweka simu chini. Miaka imepita, lakini tarakimu hizo tatu bado zinanirudisha Raskazone, Tanga, sebuleni kwa bibi mmoja ambaye mpaka leo hanipigii simu. Nitamjibu kijana hapa hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mmejifunza kazi hii kama nilivyojifunza mimi, kwa bando la usiku na laptopu ya kuazima, na mnataka siku moja watu wa Dar es Salaam wawatafute ninyi badala ya ninyi kuwatafuta wao. Basi nisikilizeni.

Mwaka 2019 nilikuwa na chumba kimoja cha kazi Ngamiani, barabara ya 12. Bibi huyo alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba sita, na tovuti yake ilianzishwa mwaka 2008 na marehemu mumewe, mwalimu mstaafu. Humo mlikuwa na bei za vyumba na namba ya simu, lakini kilichowaleta wageni ni maandishi ya mzee. Aliandika juu ya Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na ukurasa mrefu kuliko kurasa zote ulikuwa wa vita vya Tanga vya Novemba 1914. Alieleza jinsi Waingereza walivyoshusha jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, jinsi kikosi cha Wajerumani cha watu takriban 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck kilivyowarudisha majini, na jinsi nyuki waliochokozwa na mapigano walivyowavamia askari vichakani. Watu wa Uingereza wenye jamaa waliozikwa hapa waliusoma ukurasa huo, kisha wakaandika barua pepe kuomba chumba.

Siku aliyonikabidhi kazi nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha chai. Akaniambia, "Mwanangu, vyumba ni vyangu, lakini maandishi ni ya mzee. Yasipotee." Nikamjibu, "Bibi, kesho asubuhi utaikuta kama ilivyo leo."

Ahadi ile sikupaswa kuitoa.

Kampuni iliyomkodisha seva ilikuwa inafunga mashine zake za zamani. Mashine yake iliendesha PHP 5.3 (PHP ni lugha ya programu iliyojengea tovuti hiyo), toleo ambalo liliacha kupewa marekebisho mwaka 2014. Seva mpya ilikuwa na PHP 7.2. Mimi niliona ni namba tu imepanda. Nikanakili mafaili, nikapakia hifadhidata, nikabadilisha DNS (orodha inayoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake) siku ile ile, Ijumaa jioni, nikafunga ofisi. Saa mbili usiku nikafungua tovuti kwa simu. 500.

Kosa 500 ni seva inakuambia kuna kitu kimevunjika ndani, basi, haitaji ni kitu gani. Ni mgonjwa anayesema "naumwa" halafu ananyamaza. Lakini kile anachokuficha wewe mbele ya watu, seva hukiandika pembeni, kwenye logi ya makosa, pamoja na saa, jina la faili, na mara nyingi hata namba ya mstari. Kwenye Ubuntu, mfumo wa Linux, yenye Apache, programu inayowapa watu kurasa za tovuti, utaikuta /var/log/apache2/error.log. Kwenye seva ya kukodi utaikuta kwenye paneli, au kama faili liitwalo error_log ndani ya folda ya tovuti.

Mimi sikufungua logi. Nilifungua Google.

Mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba 500 hutokana na ruhusa za mafaili, weka 777. Nikaweka, folda zote na mafaili yote. Bado. Mwingine akasema tatizo ni faili la .htaccess, lile lenye maagizo ya Apache kwa tovuti husika, lifute. Nikalifuta bila kuweka nakala. Bado. Saa nane za usiku nikapakia mafaili yote upya juu ya yale yale, na mikono ilikuwa inatetemeka, naikumbuka ile baridi ya feni mgongoni kama jana. Bado.

Jumamosi asubuhi bibi akapiga: "Mwanangu, mbona kwangu inafunguka vizuri tu?" Nikashusha pumzi. Nusu saa baadaye akapiga tena. Mpwa wake aliyeko Dar anasema haifunguki. Kumbe DNS ya zamani ilikuwa na TTL, muda ambao anwani hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya, ya sekunde 86,400, yaani siku nzima, kwa hiyo wengine walikuwa bado wanapelekwa seva ya zamani na wengine wameshapelekwa mpya. Sikuwa nimeishusha kabla ya kuhama. Ningeishusha hadi sekunde 300 siku moja kabla, ningeweza hata kurudisha anwani ya zamani, nikatengeneza kwa utulivu, na watu wengi wasingejua kuwa kuna lolote lililotokea.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa la barua pepe. Nilihamisha jina lote la tovuti, na kwenye seva mpya sikuwa nimefungua masanduku ya barua. Familia moja ya Uingereza ilikuwa inapanga kuja Novemba, kuzuru makaburi. Barua yao ilirudishwa, wakaweka nafasi kwingine. Bibi alilijua hilo baadaye, walipompigia simu kumsalimia wakiwa tayari wamefika mjini, hoteli nyingine.

Jumapili alimwita fundi mwingine. Fundi huyo nilimfundisha mimi. Alikaa kando yangu miezi minane barabara ya 12. Nilimkuta sebuleni, laptopu mapajani. Akasimama kwa heshima, akasema, "Shikamoo kaka," akaniomba nenosiri. Akafungua logi ya makosa na kuanza kusoma kutoka chini kwenda juu, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Baada ya muda mfupi akasema kwa sauti ya chini ili bibi asisikie, "Kaka, hili la mwisho limesababishwa na 777. Seva hii inakataa kuendesha faili la PHP ambalo kila mtu anaruhusiwa kuliandika."

Kumbe kosa la kwanza lilikuwa limeshaondoka. Mstari wa Ijumaa usiku ulionyesha kwamba Apache imekwama kwenye .htaccess, kwenye amri ya php_flag ya tangu enzi za mzee. Amri hiyo hukubalika pale PHP inapokaa ndani ya Apache kama moduli. Seva mpya iliendesha PHP pembeni, kwa hiyo Apache haikuitambua amri, ikasimamisha kila kitu. Mstari mmoja tu wa kufuta. Nami nilipofuta faili zima nilikuwa nimeliondoa tatizo, ila nilishaweka 777, na 777 ikaleta 500 yake yenyewe. Ningesoma logi saa mbili usiku ule, ningekuwa nimelala saa tatu.

Akarudisha folda kuwa 755 na mafaili 644, ruhusa za kawaida ambazo mwenye faili peke yake ndiye anayeandika. Ukaja ukurasa mweupe mtupu. Akarudi kwenye logi: PHP haiifahamu mysql_connect, amri ya kuunganisha tovuti na hifadhidata ya MySQL. Amri zote za mysql_ ziliondolewa katika PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, na tovuti ya mzee ilijengwa juu yake. Akashusha toleo kwenye paneli hadi 5.6 kwa muda. Ukurasa wa mbele ukafunguka. Kurasa za ndani zikaleta 404, yaani ukurasa haukupatikana, kwa sababu kanuni za kuelekeza anwani zilikuwa ndani ya .htaccess niliyoifuta. Akaichukua kutoka seva ya zamani, ambayo kwa rehema ya Mungu ilikuwa haijazimwa, akaondoa ule mstari wa php_flag. Kazi nzima haikufika saa moja.

Bibi hakunitukana. Alisema, "Ahsante mwanangu, nenda kapumzike." Nimewahi kutukanwa na wateja na nikasahau kesho yake. Maneno yale ya upole sijayasahau.

Sasa nitasema na jambo langu la fahari, kwa sababu nalo ni kweli. Jumatatu nilifungua ukurasa wa vita nikaona kila penye ng' pameharibika. Mzee alikuwa akiandika kwa Word, ambayo hupinda ile alama ya juu, kwa hiyo "ng'ambo" ilisomeka ngâ€™ambo, ukurasa mzima, kila aya. Yule fundi kijana hakulijua tatizo hilo. Mimi nililijua. Majedwali ya hifadhidata yaliandikwa kibandiko cha latin1, lakini herufi zilizokuwa ndani yake zilikuwa UTF-8, namna nyingine ya kuhifadhi herufi. Seva ya zamani haikujali, ilizitoa kama zilivyo. Seva mpya iliamini kibandiko, ikatafsiri herufi ambazo hazikuhitaji kutafsiriwa. Nikamwomba kijana aniruhusu. Nikatoa nakala ya hifadhidata kwa kutaja latin1 ili herufi zitoke bila kuguswa, nikabadilisha vibandiko ndani ya nakala kuwa utf8mb4, yaani UTF-8 kamili ya MySQL, nikaipakia upya. Ikakataa tarehe za 0000-00-00 zilizokuwa kwenye jedwali la wageni, kwa kuwa MySQL kuanzia 5.7 ni kali kwa tarehe za namna hiyo. Nikazirekebisha moja moja. Usiku wa pili "ng'ambo" ikarudi kuwa ng'ambo.

Kisha nikaandika upya misimbo yote ya mysql_ kwa mysqli, amri mpya zilizochukua nafasi yake, maana hiyo 5.6 nayo iliachwa tarehe 31 Desemba 2018 na haifai kuishi juu yake. Wiki tatu, bila malipo. Kijana alimwambia bibi ni nani aliyefanya. Bibi akanitumia ujumbe: "Nimeona. Ahsante." Ndio ujumbe wa mwisho.

Tangu hapo nimehamisha tovuti nyingi, za shule, za msikiti, za wauza vipuri, na ile ya mwezi uliopita ilitoka PHP 5.4 hadi 8.2 na mwenyewe hakujua imehama mpaka nilipomwambia. Siri ni hiyo hiyo niliyoisema. Soma logi. Ukibadilisha kitu kimoja, pakia ukurasa, soma logi tena. Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, kwa sababu hutajua kipi kimeponya na kipi kimeumiza. Nakala ya faili kabla ya kuligusa. Seva ya zamani usiizime kabla ya wiki mbili au tatu. Jaribu seva mpya kabla ya kubadilisha DNS, kwa kuandika anwani yake kwenye faili la hosts la kompyuta yako. Hapo wewe peke yako unaona mpya, na dunia inaendelea na ya zamani.

Namba nyingine za makosa nazo zina tabia zake. 403, yaani umezuiwa kuingia, tazama ruhusa, au .htaccess yenye amri za Apache 2.2 za Order na Allow ambazo katika 2.4 nafasi yake imechukuliwa na Require. 404 kwa picha tu, hasa tovuti ikitoka Windows, tazama herufi kubwa na ndogo, maana kwa Linux Amboni.JPG na amboni.jpg ni mafaili mawili. 502 kwenye Nginx, programu ya kazi kama ya Apache, mara nyingi PHP imelala au Nginx inabisha hodi mlango usio wake. Lakini hata hizo, logi itakuambia kabla yangu.

Na kwa mteja, jamani, semeni ukweli mapema. Laiti ningempigia bibi Ijumaa ile ile usiku nikamwambia, "Bibi, imekwama, sijajua bado, ya zamani ipo salama," ningebaki fundi wake. Nilikaa kimya kwa sababu niliona haya, na nikaona haya kwa sababu nilitaka kuonekana najua. Vijana wangu, acheni hilo. Mtu aliyekukabidhi maandishi ya marehemu wake hakukuajiri ujifiche.

Mdogo wangu wa Muheza, kwanza mpigie mwalimu mkuu umwambie mafaili yote yapo. Pili, rudisha 755 kwenye folda na 644 kwenye mafaili. Kisha usiguse kingine. Pakia ukurasa mara moja tu, uangalie saa, nenda kwenye logi ya makosa, nakili mistari kumi ya mwisho, ficha nenosiri kama lipo, unitumie kwa namba ile ile. Na nijibu kama seva ya zamani bado inalipiwa. Simu nimeiwasha, silali bado.