Ukikaa na mfanyabiashara, usimuulize siri ya mafanikio

Vijana wengi hapa Arusha wakipata bahati ya kukaa na mtu aliyetoboa kwenye biashara swali la kwanza ni lile lile, mzee siri ya mafanikio ni nini. Na jibu nalo lile lile: Mungu, bidii, nidhamu. Sio kwamba anakudanganya, ila umemuuliza swali la semina na yeye anakujibu kisemina.

Mimi kwa kazi yangu nakutana nao sana, wenye maduka ya jumla, wa utalii, kina mama wa mitumba kule Memorial Moshi, na karibu wote wanafunguka ukiwauliza hela inavyotembea. Nani unamdai, nani anakudai, mzigo unakaa muda gani dukani, Aprili mvua ikishika unaishije. Hapo ndo mtu anakuvutia kiti.

Kuna mama mmoja Memorial nilimuuliza, mama, hawa wanaochukua mali kauli unajuaje nani atalipa? Akacheka kwanza. Akasema mwanangu, mteja mpya simnyimi, nampa kidogo, kiasi ambacho hata akikimbia nacho silali njaa, akileta hela siku tuliyokubaliana namwongezea, akichelewa bila kupiga simu basi tena, kuanzia hapo ni keshi tu hata aje analia. Anayechelewa ila akapiga simu anamvumilia. Ana daftari kona zote zimekunjamana, kila jina lina alama yake, nyekundu au buluu, na mwanae wa dukani haruhusiwi kumkopesha mtu kabla hajalifungua.

Mwingine ana kampuni ya safari hapa mjini. Yeye nilimuuliza 2020 alipitaje, mana mnakumbuka korona ilivyokuja, ndege zikasimama, Mei anga likafunguliwa lakini wageni wako wapi. Akaniambia wageni walikosekana kwa wote, waliozama zaidi ni wale waliokuwa wameshakula diposti. Yaani mgeni wa Julai analipa sehemu ya hela miezi kibao kabla, bosi akiiona kwenye akaunti anaongeza Land Cruiser au anamalizia kupaua nyumba, afu inakuja imeili, naomba hela yangu. Yeye diposti zinakaa akaunti ya peke yake na haigusi mpaka mgeni ametua KIA, labda alipie ada za hifadhi za mgeni huyo huyo. Kwa hiyo waliokubali kusogeza tarehe alisogeza, waliogoma akawarudishia, na baadhi yao walikuja baadae na ndugu zao juu. Na hii sio ya utalii peke yake, kama unashona, unapika keki za harusi au unapamba ukumbi, advansi uliyopokea ni deni mpaka kazi iishe.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, sitaiongelea sana, kila mtu anakwambia usiguse, na wengi wao walishagusa.

Ila pia usimeze kila unachoambiwa. Mtu aliyepata fremu zamani kabla ya habari za vilemba, ile hela ya juu unayotoa ili tu uachiwe fremu, akikwambia anza kidogo kidogo, muulize kodi alikuwa analipa kwa mwezi au kwa mwaka, mana sa hivi mwenye fremu anataka miezi sita au mwaka mzima mkononi kabla hujauza hata soksi. Hata Reginald Mengi wetu wa Machame, yule tajiri wa IPP, watu wanapenda sana kusimulia alivyoanza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, hawamalizii kwamba wakati huo alikuwa tayari mhasibu mkubwa tu pale Coopers & Lybrand, kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Haipunguzi sifa zake, ila wewe usiye na mshahara nyuma yako hesabu yako ni nyingine.

Mengine ni adabu tu. Nenda mchana biashara ikipoa, toa shikamoo, nunua kitu, simu iache mfukoni, usirekodi. Na kwa Moshi usiwasumbue Desemba, Wachaga wote wamerudi nyumbani, hela iko barabarani na kila mangi atakwambia biashara nzuri. Nenda katikati ya Januari, wateja wanalipa ada za shule na daftari la madeni liko wazi mezani.