Barua kwa mwanangu: kisu cha kwenda nacho porini

Mwanangu,

Umeuliza ununue kile kisu cha inchi 8 chenye meno mgongoni, maadamu leseni yako ya kuwinda swala pala imeshatoka. Kiache dukani. Chukua kifupi, makali yake sentimita 9 hadi 11, yaliyopinda taratibu kuelekea nchani. Ncha ya kisu kirefu huwa mbali na kidole. Ndani ya tumbo la mnyama huioni inakogusa, na hapo ndipo kibofu na utumbo hutobolewa.

Kisiwe cha kukunja, kwani damu na mafuta hujificha kwenye kiungo chake. Mpini uwe wa mpira wenye rangi kali. Mbao iliyong'arishwa ikishapata mafuta huteleza, na kisu cheusi kikianguka majani­ni hukioni tena.

Kazi yenyewe iko kwenye kupasua. Mlaze mnyama chali, toboa ngozi kidogo chini ya kidari, ingiza vidole viwili, kimoja kila upande wa kisu, uinue ngozi mbali na matumbo. Makali yatazame juu, ukate kutoka ndani kwenda nje mpaka kinenani. Ukikata kutoka nje kwenda ndani, manyoya yenye mchanga hula makali, kisha hudondokea nyama. Utumbo ukitoboka usifute kwa kitambaa, utasambaza uchafu. Kata sehemu iliyochafuka uitupe.

Kuchuna ni kazi ya ngumi zaidi ya kisu. Vuta ngozi kwa mkono mmoja, sukuma kwa ngumi, kisu kiguse ule utando mweupe pale tu panapong'ang'ania. Ukiitaka ngozi nzima, elekeza makali upande wa nyama.

Miguu itenganishe kwenye viungo. Mfupa ni wa msumeno. Ukibandua nyonga kwa kisu, ncha hukatika ikabaki nyamani.

Beba na kisu cha kuchinjia, sentimita 18 hivi, makali yasiyo na pengo. Mnyama aliyejeruhiwa mwendee upande wa mgongo, maana kwato na pembe zake bado zina nguvu.

Noa kwenye kinoo namba 1000 (namba ya ulaini wa jiwe), kisu ukikiinua kama nyuzi 20 kutoka kwenye jiwe, mpaka ukipapasa upande wa pili usikie chuma kikikwaruza kidole, kisha geuza. Ukimaliza kazi, osha kwa sabuni, kausha, paka mafuta ya cherehani. Ya kupikia hugeuka gundi. Wala usikilaze ndani ya ala ya ngozi: hushika unyevu, na hata chuma kinachosifiwa hakishiki kutu hutoka madoa.

Baba yako