Hata msomi hutapeliwa

Ndugu, umeuliza imekuwaje shemeji yako, mhasibu mzima, akanaswa na upatu wa kitapeli. Tafadhali usimcheke. Mwaka 1920 kule Boston, tapeli aitwaye Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo walilipwa kweli, kwa pesa za waliofuata. Mtego uko hapo: mtu anashika noti mkononi, anazihesabu mara mbili, kisha anazirudisha zote na kumwita dada yake. Tena anamwita kwa moyo mweupe, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Muulize shemeji kwa upole, hiyo faida inazalishwa na nini hasa? Na asiongeze hata senti, hata akiambiwa alipe "ada" ndipo arudishiwe pesa zake.