Buti kwanza, chura baadaye: kwa wanaoanza kazi za vijito Mwanza

Vijana wengi wanaokuja kujitolea kulinda vyura wa vijitoni hufika na kamera nzuri na buti chafu. Kinachonitia hofu ni buti.

Tope la bwawa la samaki huweza kubeba fangasi aitwaye kitridi hadi kijito cha msituni. Hushambulia ngozi ya chura, na chura hunywa maji kwa ngozi hiyohiyo. Wale vyura wenye kucha, wa madimbwi ya kando ya ziwa, wanaweza kuwa naye wasiugue. Kwa hiyo ratiba yenu ianzie kwenye kijito chenye chura adimu, imalizikie bwawani.

Sugueni tope kwa brashi mpaka kwenye mifereji ya soli, ndipo mtie jiki. Wengi hurukia jiki, lakini tope huimaliza nguvu. Fanyeni hivyo mbali na maji, maana ikitiririkia kijitoni itaua viluwiluwi mliokuja kuwalinda. Kisha buti zianikwe juani hadi zikauke kabisa. Kitridi hawezi ukavu. Na dawa ya mbu msipake viganjani, maana mkimshika chura itapenya kwenye ngozi yake.

Anayesema "ni chura tu" asome habari za chura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa. Chura yule aligunduliwa 1996, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, ikabidi viwekwe vinyunyizio. Mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla, na kitridi akakutwa kwa waliokufa. 2009 akatangazwa kutoweka porini. Kizazi chake kilinusurika kwa sababu wachache walishapelekwa Marekani mapema. 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Kijijini msianze na chura, anzeni na maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, lakini ukimtajia hizo mita mama mwenye bustani ya mchicha siku ya kwanza, hatakuonyesha chemchemi. Muulize kijito kilikauka lini, na miti gani ilikuwepo.

Vyura husikika usiku, hivyo barua ya mtendaji haitoshi. Viongozi wa sungusungu wajue mko wangapi na mtapita saa ngapi. Watu wenye tochi kijitoni saa tano usiku hawaeleweki, hasa wakijitetea kwamba wanatafuta chura.